Usimfute Bosco: historia iliyolala kwenye rekodi za vet

Wacha nianze na kukiri. Mwaka jana nilifuta mbwa aliye hai.

Tulia, sikumuua. Nilimfuta kwa kompyuta. Na karibu mtoto wa watu aumie kwa sababu hiyo. Nitafika hapo, lakini lazima kwanza nipitie kondoo, mbu, na virusi vilivyokaa kwa maabara miaka hamsini vikingoja kazi. Vumilia kidogo.

Niko Naivasha. Nilikuwa nimemaliza chuo, video zangu zinapata likes lakini hazilipi hata tokeni za stima, na mjomba wangu akanitafutia kibarua kwa kliniki moja ya mifugo hapa mtaani. Kazi ya wiki tatu. Kliniki ilikuwa inahamia programu mpya ambayo unalipia kulingana na idadi ya rekodi ulizo nazo, na databesi yao ilikuwa na rekodi elfu kumi na moja na kitu. Niliambiwa neno moja tu: safisha.

Ukiona databesi ya vet ya miaka mingi utacheka. Mbwa wa Kenya wana majina kama sita hivi. Simba, Tommy, Jack, Chui, Bobby, na mfalme wao, Bosco. Nilihesabu Bosco 214. Kulikuwa na Bosko, Boscow, Bosco 2, na mmoja anaitwa "Bosco yule mwingine". Ng'ombe wengine hawakuwa na jina, wameandikwa tu "mweusi wa kwa Mwalimu". Nambari za simu za mezani zenye tarakimu tano. Wateja ambao kwa sehemu ya anwani kumeandikwa "karibu na mti mkubwa", na huo mti ulikatwa kabla sijazaliwa. Halafu kuna safu ya maelezo, ambayo kila daktari aliyepita hapo alikuwa anatupa chochote kilicho kichwani: hali ya hewa, deni, tabia ya mwenye mbwa.

Mimi nikajiona fundi. Nikatunga sheria tatu. Mnyama ambaye hajaletwa kwa miaka mitano, futa. Jina moja na jina la ukoo moja, unganisha. Safu ya maelezo, toa yote, ni uchafu. Siku nne tu nikawa nimemaliza zaidi ya nusu. Nilikuwa najisikia fiti sana, nikapiga hata picha ya skrini nitume kwa group.

Siku ya tano Daktari akaja. Huyu ni mzee wa zaidi ya miaka sabini, alifanya kazi serikalini kabla ya kufungua kliniki yake. Akaniuliza, "Kijana, umefika wapi?" Nikamwonyesha kwa majivuno. Hakusema kitu. Akaenda stoo, akarudi na katoni ya maziwa imejaa kadi za karatasi, zile ambazo rekodi za zamani zilinakiliwa kutoka kwazo. Akachomoa moja, akaniwekea mbele ya kibodi.

Desemba 1997. Kondoo sita wametupa mimba ndani ya siku nne. Wana-kondoo watatu wamekufa. Mvua haikatiki, shamba la chini lote limesimama maji, mbu hawahesabiki. Basi. Hakuna jina la ugonjwa.

"Hii uliiweka wapi?" akauliza.

Manze. Nilikuwa nimeitupa. Kwa sheria zangu ilistahili kutupwa mara mbili: kondoo wote walishakufa, na mwenye shamba alihama.

Daktari alinieleza kidogo tu, kisha akasema nikasome. Nikasoma. Na sasa nawaletea, kwa sababu sidhani mtu alitufunza hii shuleni, hata sisi tuliokulia hapa.

Homa ya Bonde la Ufa inaitwa hivyo kwa sababu ilielezwa kwa mara ya kwanza kisayansi hapa kwetu, kwenye shamba la kondoo karibu na Ziwa Naivasha. Watafiti watatu, Daubney, Hudson na Garnham, waliandika kuihusu mwaka wa 1931. Walikuwa wameona wana-kondoo wakifa kwa wingi na kondoo wazazi wakitupa mimba. Leo tunajua ni virusi vinavyoenezwa na mbu, na kwamba binadamu pia anaambukizwa, hasa akishika damu au nyama ya mnyama mgonjwa. Lakini kwa miaka mingi swali lililowasumbua watu lilikuwa lingine: mbona unapotea kabisa, miaka mitano, miaka kumi, halafu unaibuka kila mahali kwa wakati mmoja?

Jibu halikutoka kwa mtu aliyekuwa na darubini kubwa kuliko wenzake. Lilitoka kwa makaratasi. Madaktari wa mifugo wa Kenya walikuwa wameandika milipuko ya ugonjwa huu kwa miaka: mahali gani, mwezi gani. Maandishi ya kuchosha kabisa, ya mtu anayejaza fomu jioni akitaka kwenda nyumbani. Mwaka wa 1985, Glyn Davies, aliyekuwa akifanya kazi kwenye maabara ya mifugo ya Kabete, pamoja na Linthicum na James, walichukua rekodi za Kenya za kuanzia 1950 hadi 1982 wakazilinganisha na rekodi za mvua. Zikalingana. Milipuko ilikuwa inafuata vipindi vya mvua nyingi isiyo ya kawaida, inayonyesha bila kukata, ile inayojaza maji kwenye mabonde madogo ya mashambani.

Na sababu yake ni ya ajabu. Kuna mbu wanaotaga mayai kwenye udongo wa hayo mabonde, na mayai mengine tayari yana virusi ndani kutoka kwa mama. Udongo ukikauka, mayai hayafi. Yanakaa hapo miaka, kama faili ambayo hakuna mtu anaifungua. Mafuriko yakija, yanaanguliwa kwa pamoja. Soma tena ile kadi ya Desemba 1997. Mvua, maji yamesimama, mbu, mimba. Daktari hakuandika jina la ugonjwa, lakini aliandika kila kitu ambacho mtu mwingine angehitaji akija kuuliza. Na vyote alivitia kwenye safu ya maelezo, ile niliyoiita uchafu.

1997 kwenda 1998 ndiyo El Niño ile wazazi wetu hawaachi kuizungumzia, barabara zikabebwa na maji. Ugonjwa ukalipuka, Garissa na Kaskazini Mashariki ikaumia sana. Mwaka wa 1999, Linthicum na wenzake, akiwemo Assaf Anyamba wa NASA, wakachapisha utafiti kwenye jarida la Science: ukichukua joto la maji ya bahari, picha za setilaiti zinazoonyesha nchi kavu ikigeuka kijani, na historia ya milipuko ya Kenya, unaweza kutabiri mlipuko miezi kadhaa kabla haujafika. Watu wakisimulia hii hadithi huwa wanasifu setilaiti. Mimi nasema setilaiti bila ile historia ilikuwa inaona nyasi tu. Ni zile fomu za jioni zilizoiambia nyasi hizo zina maana gani.

Mwishoni mwa 2006 mfumo huo ulitoa onyo kabla ugonjwa haujathibitishwa. Ningependa kuwaambia kila mtu aliokoka. Sivyo. Kufikia Machi 2007 Kenya ilikuwa imeripoti wagonjwa 684, na 155 kati yao walifariki. Onyo lilikuja, lakini kati ya onyo na chanjo kufika kwa mbuzi wa mtu kijijini kuna safari ndefu, na hiyo safari rekodi haiwezi kukutembelea. Hilo linanikera hadi leo, lakini ni deni la watu wengine, sio la walioandika.

Sasa hadithi ya pili, nitaiharakisha ingawa ni kubwa zaidi. Sotoka. Huu ulikuwa ugonjwa wa ng'ombe ulioingia Afrika upande wa Eritrea mwaka wa 1887, na miaka michache baadaye ulikuwa umefika kwetu. Sehemu nyingi ulimaliza ng'ombe karibu wote. Wamaasai wanakiita kipindi hicho cha miaka ya 1890 Emutai, yaani kuangamizwa, kwa sababu njaa na ndui vilifuata hapo hapo. Hakuna vet aliyekuwa akijaza kadi wakati huo. Tunachojua tunakijua kwa masimulizi ya wazee na maandishi machache ya wageni waliopita. Hebu fikiria tukio la ukubwa huo, na hakuna anayeweza kukuambia ni ng'ombe wangapi.

Maabara ya Kabete ilianzishwa 1910, na sotoka ilikuwa moja ya kazi zake kubwa. Miaka hiyo hiyo ya mwanzo walipata aina moja ya virusi vya sotoka wakaiita Kabete O. Wakaitunza. Karibu miaka hamsini baadaye, mwanasayansi Walter Plowright, akiwa Muguga, hapo juu tu kabla ya Limuru, akaichukua hiyo Kabete O akaikuza kwenye seli za figo za ndama, akaihamisha kutoka chombo hadi chombo karibu mara 90, mpaka ikapoteza ukali wake ikabaki na uwezo wa kukinga. Hiyo ndiyo chanjo iliyokuja kumaliza sotoka duniani. Nyati wa mwisho kuthibitishwa kuwa na ugonjwa huo alipatikana Meru mwaka wa 2001, hapa hapa Kenya, na mwaka wa 2011 dunia ikatangaza sotoka imekwisha. Ni ugonjwa wa pili tu kufutwa duniani, baada ya ndui.

Neno hilo, kufutwa, ndilo lililonikamata. Kwa sababu ugonjwa ukiisha, sampuli zinabaki kwenye friza za maabara, na sasa ndizo hatari, kwani zikitoroka unaanza upya. Kituo cha Pirbright kule Uingereza kilikuwa na mkusanyiko mkubwa wa sampuli hizo. Mwaka wa 2019 waliziharibu. Lakini kabla ya kuziharibu walisoma mpangilio wote wa jeni za virusi, wakauhifadhi kwa kompyuta. Habari ikabaki, hatari ikaenda.

Buda, huko ndiko kufuta. Mimi nilifanya kinyume. Nilitupa habari na nikabakisha hatari. Na hapa ndipo Bosco anaingia.

Kulikuwa na Bosco wawili kwenye boma moja, mali ya ndugu wawili. Jina la ukoo moja, nambari ya simu moja kwa sababu wote walitumia ya mama yao. Sheria yangu ya pili ikawaona ikawaunganisha. Bosco mmoja alikuwa amechanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa miezi saba kabla. Mwingine aliletwa mara moja tu, kutolewa mwiba, na hakuwa amechanjwa. Baada ya mimi kuguza kitufe, akabaki Bosco mmoja, aliyetolewa mwiba, na amechanjwa. Rekodi safi kabisa. Ungeipenda.

Wiki iliyofuata simu ikaita. Jirani ya lile boma: mtoto wake wa miaka saba ameumwa mguuni na Bosco, je, huyo mbwa ana chanjo? Nilikuwa peke yangu kwenye dawati, nikaangalia skrini, nikajibu kwa ile sauti ya mtu anayejua, "Ndio, amechanjwa, msiwe na wasiwasi."

Anti wa mapokezi alikuwa anatoka jikoni na chai. Amekaa hapo miaka kumi na tisa. Akasimama. "Bosco gani?"

"Wa hao ndugu."

"Nimekuuliza Bosco gani. Wako wawili. Wa kahawia na yule mwenye sikio limekatika."

Alininyang'anya simu kabla sijajibu. Akamuuliza huyo mama mbwa anakaa aje. Sikio limekatika. Nikamwona Anti anabadilika uso, lakini sauti haikutetereka: "Mama, sikiliza. Huyo kijana amekosea. Osha kidonda na sabuni na maji yanayotiririka, dakika kumi na tano, usipunguze. Kisha mpeleke hospitali sasa hivi, si kesho."

Kama hujui, kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Ndio maana sindano zinaanza mapema, kabla ya dalili, na ndio maana hata mbwa akiwa na chanjo bado unaenda hospitali daktari aamue. Ugonjwa huu ulithibitishwa Kenya mara ya kwanza 1912, kwa mbwa pembeni ya Nairobi. Zaidi ya miaka mia na bado tuko nao. Mwaka wa 2014 serikali ilitoa mpango wa kuumaliza kwa binadamu kufikia 2030, na msingi wake ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa. Asilimia 70 ya wangapi? Hapo ndipo databesi mbovu inakuchoma kotekote. Ukiacha mbwa waliokufa ndani, unahesabu maiti. Ukiunganisha walio hai ovyo, unachanja mmoja na kuhesabu wawili wamekingwa.

Mtoto alipata sindano zake. Bosco wa sikio alifungwa akaangaliwa siku kumi, akabaki mzima, akala vizuri kuliko mimi. Mtoto yuko shule. Mama yake alikuja kliniki kuniona, sikujua nitaficha uso wapi, na akanisalimia tu kwa mkono akaenda kuongea na Anti.

Sikufutwa kazi, ingawa ningeelewa. Daktari alisema, "Umeharibu, utatengeneza," na wiki tatu zikawa miezi minne.

Kuna watu watasema hapa: lakini huwezi kuweka kila kitu, kuna sheria. Kweli. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inasema taarifa za mtu binafsi zisikae muda mrefu kuliko zinavyohitajika. Nambari ya simu ya mteja aliyehama 1998 haina kazi kwetu, na hatuna ruhusa ya kuing'ang'ania. Lakini sheria hiyo hiyo inaruhusu kuhifadhi kwa ajili ya historia, takwimu na utafiti, na inaruhusu kuondoa utambulisho badala ya kuchoma kila kitu. Wengi wetu tunasoma nusu ya kwanza tu, kwa sababu kufuta ni rahisi kuliko kufikiria. Kwa hiyo sasa tunamtoa mwenye kondoo, kondoo wanabaki. Mwezi, sehemu, dalili, mvua. Jina na simu vinaenda.

Na rekodi za zamani haziko tena kwenye programu ya kulipia. Ziko kwenye faili ya kawaida ambayo kompyuta yoyote itaifungua, nakala tatu, moja iko kwa Daktari nyumbani. Mbwa aliyekufa anaandikwa amekufa, na tarehe. Hafutwi. Wawili hawaunganishwi mpaka mtu anayewajua aulizwe. Kwa kliniki yetu mtu huyo ni Anti, na nimeanza kumrekodi akieleza nani ni nani, kwa sababu kuna siku atastaafu na hakuna programu inayojua ni sikio gani limekatika.

Kitu kimoja sikuweza kurekebisha. Nilitoa nakala ya databesi, lakini nilikuja kuitoa siku ya tatu, baada ya kuwa nimeshafuta maelezo ya herufi A hadi K. Yale ya zamani tunayarudisha kwa mkono kutoka kwa kadi. Lakini kliniki iliacha kadi mwaka wa 2009, ikawa inaandika kwenye kompyuta moja kwa moja. Kwa hivyo maelezo ya A hadi K, kuanzia 2009 hadi nilipofika mimi, hayapo popote. Miaka mingi ya mvua, ukame, mimba zilizotupwa, kuku waliokufa usiku mmoja. Labda hayakuwa na maana yoyote. Wale waliojaza fomu miaka ya 1950 pia labda waliwaza hivyo.

Bado naenda Jumamosi kuchapa kadi. Nimefika 1991. Ya mwisho juzi ilisema: "Bosco. Mbwa wa ulinzi. Anaogopa radi." Nimempa nambari yake mwenyewe.